Kumi Kila Asubuhi

Dada Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na furaha ya kunipasua kifua na miguu isiyonisikiliza, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, nacheza mpira wa kikapu, na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa kulipwa mshahara kwa kazi ambayo ningeifanya hata bure, na juzi kocha alinishika bega mbele ya timu nzima akasema, "Jumamosi unaanza," kwa sababu mwenye nafasi yangu amevunjika kidole, nikacheka kama mwehu mpaka nahodha akaniambia nifunge mdomo nzi wasiingie.

Sasa dada, chuoni tulikuwa tunacheza mechi ishirini msimu unaisha, kila mtu anaenda kwao, lakini huku tumeshacheza thelathini na nane na bado kumi na sita, leo basi, kesho ndege, keshokutwa ukumbi mwingine wa baridi, na sisi wachezaji wapya ndio tunaobeba mifuko ya mipira na kuwahi kuijaza upepo, kisha wenzangu wakishaondoka mimi hubaki nikirusha kapuni mara mia mbili za ziada kwa sababu ndivyo nilivyofika hapa. Wiki iliyopita nilisinzia nimesimama kwenye foleni ya chakula, na mdogo wangu ninayekaa naye anasema alinikuta nimelala na kiatu kimoja mguuni huku nikimwambia "naenda, naenda." Mitupo yangu huru, ambayo zamani haikukosa, sasa inagonga ukingo wa mbele tu.

Aibu yangu iko hapa. Mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo kuna karatasi, na kila asubuhi, isipokuwa Alhamisi ambayo hatuna mazoezi, kila mchezaji anaandika namba, moja mpaka kumi, jinsi miguu yake ilivyoamka, halafu mtaalamu wetu wa viungo, tunamwita Babu Kamba kwa zile kamba zake za kunyooshea misuli, anaipeleka kwa kocha. Mimi nimeandika kumi tangu siku ya kwanza, hata siku niliyoshuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu niliandika kumi. Nahodha, mwenye misimu kumi na mmoja, huandika nne au tano, nami moyoni nilikuwa namcheka kwamba uzee umemfika. Sasa Babu Kamba ananiita Chuma, na alimwambia kocha mbele yangu, "Huyu mpe dakika zote, hana shida." Nikisema ukweli nitaonekana mwongo na nafasi itakwenda kwa mwingine, na mama yangu, ambaye hajawahi kuniona nikicheza maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja wake wa saluni, ameshawatangazia wote kwamba wiki hii anafunga. Nifanyeje?

Chuma, aliyechoka

Mdogo wangu,

Hongera, tena hongera sana. Barua yako nimeitoa chini nikaiweka juu ya zote. Wenye waume wakorofi watanisamehe, waume hao hata wiki ijayo watakuwepo.

Sasa acha nikuseme. Nani kakwambia kuchoka ni utovu wa nidhamu? Mwenye huzuni akichoka hujua kachoka. Wewe raha imekulevya, ndiyo maana umefika mechi ya thelathini na nane ukidhani usingizi ni wa wavivu. Mtu wa misimu kumi na mmoja anaandika nne, wewe ambaye hujamaliza hata mmoja unaandika kumi, halafu unamcheka yeye. Hukujiuliza kadumu vipi?

Mficha uchi hazai, na wewe umeficha miguu ambayo ukumbi mzima unaiona. Tena umemwonea Babu Kamba. Kazi yake ni kukulinda, nawe umempa namba za uongo, na ukiumia Jumamosi lawama itamwangukia yeye. Hilo limeniudhi kuliko yote.

Kesho wahi, lakini mipira waachie wenzako siku moja. Mfuate Babu Kamba kabla hajaibandua karatasi, umwambie, "Babu, zile kumi zangu hazikuwa za kweli." Usilie wala usijieleze sana. Akifoka, mwache afoke, ana haki. Kisha andika namba ya kweli, hata kama ni tatu, na hizo mia mbili za ziada zikome mpaka yeye aseme.

Mama mpigie leo. Mwambie huenda ukaanza, huenda ukaingia dakika kumi, huenda ukakaa benchi na jezi kavu. Afunge saluni aje hivyo hivyo, anakuja kumwona mwanawe.

Sitakudanganya kwamba nafasi itabaki yako. Inaweza kwenda, na itauma. Ila kocha aliyekuchagua amechagua mtu wa kwenye karatasi, wewe hajakuona bado. Mpe nafasi akuone, hata kwa dakika kumi, ukiwa na miguu inayoruka. Mimi mwenyewe nitakuwa pale ukumbini Jumamosi, nimeshamwambia mhariri nisitafutwe.

Umeniandikia kwamba Alhamisi hamna mazoezi, na gazeti hili linatoka Alhamisi. Basi ukimaliza kuzungumza na mama, likunje, uzime simu, ukalale.