Darubini Uliyoniagiza

Isebania,
Kaunti ya Migori.
Jumanne, 4 Juni 2024.

Mpendwa Maroa,

Neno mpendwa nimeliandika kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, na mwalimu aliyetufundisha sisi wawili hakukubali vingine. Usilisome mara mbili.

U hali gani huko kambini? Lile goti lako bado linakusumbua wakati wa baridi? Moraa na mtoto wenu Elvis hawajambo? Nauliza kwa sababu ni adabu, na kwa sababu Mama akisikia nimekuandikia bila kuwajulia hali atanisema wiki nzima. Yeye ni mzima. Anakwenda kanisani kila Sabato kwa miguu yake, na akifika huko anakuombea wewe kabla ya kuniombea mimi ninayemchotea maji. Mke wangu Mellen hajambo pia. Biashara yake ya dagaa wa omena ndiyo inayotulisha. Mimi ni mzima kutoka shingoni kwenda chini. Utanisamehe kwa herufi hizi kubwa kama za darasa la kwanza. Naandika uani, saa sita mchana, jua likiwa juu ya karatasi.

Mvua ilikuja ikapita kiasi, maharagwe yameoza shambani, mahindi yamesimama. Ng'ombe mwekundu amezaa.

Sasa tuingie kwenye shida yako.

Kikaratasi chako nilipewa na Caleb, dereva wa lori la kambi, aliposhuka Sirare kuchukua unga. Miaka mitatu, Maroa. Miaka mitatu hukunipa hata pole, halafu inakuja mistari minne na noti zimekunjwa ndani: "Kaka, nitafutie darubini ya kuwindia, isiwe ghali, ila ioneshe vizuri jua likizama. Msimu unaanza Julai. Tafadhali mtu wa kambi asijue." Nilikisoma, nikakiweka chini ya godoro, na kwa siku mbili nikawa nakitoa na kukirudisha. Mellen alidhani kuna msiba.

Ulijua unamwagiza nani. Miaka kumi na tisa nilitangulia mbele ya wageni wenye bunduki huko Tanzania, nikifuata nyayo, nikiwabebea darubini zao na kuzifuta vumbi kila jioni. Nazijua kuliko wenyewe walivyozijua. Na wewe umekaa mahali pangu, unaniomba nikusaidie kukaa vizuri zaidi. Hiyo ni roho ngumu, mdogo wangu. Ningekuwa na yangu ngumu hivyo, noti zako zingerudi na Caleb siku ile ile.

Lakini kazi niliifanya. Sijui kufanya kazi ya macho nusunusu, hata sasa.

Nilianzia hapa Isebania, kwenye kibanda cha Tony, yule anayeuza chaja na tochi karibu na wabadilisha pesa. Alinitolea darubini nyeusi yenye vioo vyekundu, imeandikwa namba kubwa kama bei ya shamba, tisini kwa tisini.

"Mzee, hii ni ya jeshi," akaniambia. "Inavuta mpaka Mwanza."

"Ikivuta mpaka Mwanza nitaona nini? Mimi nataka kuona nyati."

"Si utamwona akiwa huko Mwanza."

Watu walicheka, na mimi nilicheka kidogo. Nilimrudishia. Usije ukanunua darubini ya vioo vyekundu, Maroa, hata ukipewa kwa bei ya soda. Rangi ile ni ya kupendezesha macho ya mnunuzi, ndani hakuna kitu. Na namba zile kubwa ni uongo mtupu. Namba ya kwanza inakuambia inavuta mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele. Ikivuta zaidi ya mara kumi, mkono wako ukitetemeka kidogo tu, nyati anacheza dansi. Chukua saba au nane. Kisha gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. Ikitoka tano au zaidi, jioni itakufaa. Nane kwa arobaini na mbili ni nzuri, saba kwa hamsini ni nzuri zaidi, ila ni nzito shingoni.

Tena, mwenye pesa kidogo asinunue mpya. Mpya ya bei yako ni ya kuchezea watoto. Tafuta ya zamani iliyotengenezwa na watu wenye haya. Itikise, isilie ndani. Ielekeze kwenye mwanga uone kama kuna ukungu uliotanda kwenye vioo. Tazama ukingo wa paa la mbali kwa macho yote mawili. Ukiona mapaa mawili, au kichwa kikianza kukuuma, mrudishie mwenyewe. Na kubwa kuliko yote, usiijaribu saa saba mchana sokoni, maana saa hiyo hata chupa ya bia inaonesha. Ijaribu jua likizama.

Jua likizama. Nimeyaandika maneno haya, na sasa siwezi kuendelea bila kusema lile tusilolisema.

Unakumbuka nilipokuita pembeni ya gari, nikakuambia wewe peke yako kwamba jioni naona kijivu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Mchana niliona vizuri, nyayo nilizisoma, lakini jua likishuka vichaka vyote vilikuwa kitu kimoja. Hukucheka, wala hukumwambia mtu. Wewe ulikuwa mbeba maji, unatembea nyuma yangu hatua moja, na tukapanga ishara yetu. Ukinigusa mgongoni mara moja, ni dume. Mara mbili, ni jike. Nami nasema kwa sauti, na mgeni anaamini, na kiongozi wa msafara ananisifu kwa macho yangu. Miaka miwili sifa zangu zilikuwa vidole vyako. Nilikushukuru kwa hilo, na bado nakushukuru.

Halafu ikaja jioni ile ya Septemba. Nyati alikuwa kwenye majani marefu, peke yake, kama tulivyodhani. Kiongozi wa msafara alikuwa amezibwa na kichaka, darubini yake haikumsaidia kitu, akanong'ona, "Mwikwabe, dume?" Nikangoja vidole vyako. Nikahesabu pumzi zangu. Mkono wako ulikuja mgongoni kwangu, nilisikia joto lake, ukakaa pale. Haukugonga mara moja wala mara mbili. Mgeni alikuwa amekwisha inua bunduki. Nikasema dume.

Tulipofika alipoangukia, maziwa yalikuwa yanamtoka. Ndama wake alikuwa amesimama karibu, hajui aende wapi. Sheria ya huko unaijua, jike haruhusiwi kupigwa. Asubuhi yake nilipewa begi langu, na kabla lori halijafika barabarani wewe ulikuwa umeitwa utangulie mbele.

Miaka mitatu nimeamini kwamba ulimwona jike yule ukanyamaza. Nimeamini uliacha mkono wako pale kwa makusudi ili nianguke, upate nafasi yangu. Nimemwambia Mellen hivyo. Nimemwambia Mama, naye akanifukuza jikoni kwake. Yapo maneno niliyokusemea, Maroa, ambayo ndugu hasemi juu ya ndugu yake. Siyarudii hapa kwa sababu karatasi hii huenda mtoto wako akaiona.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Mellen Muhuru Bay kununua omena. Yuko mjane mmoja pale anaitwa Marcella, mumewe alikuwa anafanya kazi kwenye boti ya doria, na Mellen alikuwa amesikia kwamba ameacha darubini. Marcella alituletea imefungwa kwenye leso. Saba kwa hamsini, nzito, ngozi imechubuka pembeni, vioo visafi kabisa.

"Omera, ndugu yangu, hii si ya kuchezea," aliniambia. "Mzee wangu alikuwa anaona nayo boti hata giza ikianza kuingia. Sijawahi kuuzia mtu."

Tulikaa naye mpaka jua lilipokaribia maji, kwa sababu nilimweleza kwamba sinunui bila kujaribu jioni. Nikaiinua. Kijivu. Nikazungusha gurudumu la katikati huku na huku. Kijivu. Nikamwambia mama wa watu kwamba darubini yake imeharibika, na nilimwambia kwa ukali, nikajuta baadaye. Mellen akaichukua mkononi mwangu, akatazama. Kisha akaanza kunitajia. Boti ya bluu, watu watatu, mmoja amevaa kofia. Nyavu zilizoanikwa omena kule mwisho, mama mmoja anakusanya. Ndege mweupe juu ya jiwe, amekunja mguu.

Nilisimama pale kando yake nikisikiliza, na mgongo wangu ulikuwa unangoja vidole. Ndipo kikaratasi chako kilipoanza kusomeka upya kichwani mwangu. Ioneshe vizuri jua likizama. Mtu wa kambi asijue.

Una miaka thelathini na sita mwaka huu. Wewe uliyekuwa unahesabu pembe za swala kwenye giza nene ukiwa mtoto wa kuchunga, kwa nini uhitaji darubini ya jioni, na kwa nini uifiche? Mimi najua kwa nini mtu huificha. Mimi ndiye niliyekufundisha.

Hukumbuki Baba vizuri, ulikuwa mdogo. Mimi nakumbuka alivyoanza kugongana na ndama wakati wa kukama jioni, akisema nani ameiacha ndoo hapa, na hakuna aliyeiacha. Mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa macho Homa Bay. Alisema ugonjwa wangu uko kwenye damu ya ukoo. Unaanza na jioni, halafu unafunga pembeni taratibu, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Aliniuliza kama nina ndugu, awapime. Nikamjibu kwamba sina.

Nilimjibu hivyo, Maroa. Nilikuwa na hasira na wewe, nikamwambia daktari kwamba sina ndugu.

Sasa nageuzageuza ule mkono wako mgongoni mwangu. Ulikaa pale kwa sababu hukuwa na la kusema. Tulipanga ishara ya dume na ishara ya jike, na katika akili zetu zote mbili haikuingia kupanga ishara ya kutoona, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaona. Na huyo uliyemshika alikuwa anakungoja umwambie, na wewe ulikuwa unaogopa.

Ningependa zaidi ungekuwa umenisaliti. Nakuambia ukweli wa moyo wangu. Msaliti angekuwa na macho yake mazima leo, nami ningeendelea kumchukia nikiwa nimetulia.

Darubini nimeinunua. Mellen alimwomba Marcella radhi kwa ajili yangu, wakapatana kwa pesa zile zile ulizotuma. Nimekubadilishia mkanda, nimeweka mpana usikukate shingo. Caleb anakuletea imefungwa ndani ya sweta ambalo Mama amekufumia. Sweta ni la Mama, usinishukuru mimi.

Lakini sikiliza, na hili nasema kama kaka yako. Darubini nzuri hulikusanyia jicho mwanga, na jicho zima huushukuru. Jicho kama langu halijui la kufanya na mwanga huo. Siku ya kwanza utakapoipata, toka peke yako jua likizama, ielekeze kwenye miti ya mbali, zungusha gurudumu taratibu. Ukiona matawi, mshukuru Mungu, iweke shingoni, fanya kazi yako. Ukiona kijivu, nitakuwa nimekuonea bure miaka mitatu, nami nitakuomba msamaha mwenyewe, lakini usisimame tena mbele ya mtu mwenye bunduki ukamwambia dume. Mimi niliharibu kazi tu. Wewe ukimkosea nyati jioni, yeye hatakupa begi upande lori.

Wala usitafute kijana wa kukugusa mgongoni. Kijana huyo naye ana mama yake.

Nisalimie Moraa, umwambie shemeji yake hajamsahau. Msalimie Elvis, na umchunguze, akiingia ndani jioni anapita vizuri kati ya viti au anapapasa. Mama anakusalimu, Mellen anakusalimu, na Nyarangi, dada yetu, alipiga simu kutoka Migori akauliza kama tumeanza kusemezana. Nimemjibu kwamba naandika.

Mungu akulinde huko majani yalipo marefu, na akupe la kusema unapoulizwa.

Bado tuna ishara moja ambayo hatukuipanga, na leo naipanga. Ukiona matawi, niandikie. Ukiona kijivu, usiandike neno. Mpe Caleb darubini airudishe, imefungwa vile vile kwenye sweta. Nitaelewa. Siku inayofuata nitakuwa mpakani, upande wa kwetu wa Isebania, tangu asubuhi ili nikuone ukija, na tutakwenda kwa daktari wa Homa Bay nimwambie kwamba nilimdanganya.

Ni mimi kaka yako, mwenye hasira nyingi kwako na upendo usiokwisha,

Mwikwabe