Mguu Niliouosha

Same, Jumanne usiku

Mkufunzi bado ananikera. "Mguu unakwenda kukatwa, wewe unausugua kama wa bwana harusi?" Thieta nzima ikacheka. Nilitakiwa kupaka dawa juu ya goti tu, pale msumeno utakapopita, kisha wayo niufunge kwa kitambaa.

Lakini mzee mwenyewe alikuwa macho. Kidonda cha sukari kilinuka, na nyufa za kisigino zilijaa udongo mwekundu wa shamba la tangawizi, kama za baba. Nilishindwa kuufunga vile. Alinitazama nikiosha, akasema, "Asante, mwanangu."

Baadaye nikatumwa kumkabidhi mkewe huo mguu, akauzike kwao mlimani.

"Shikamoo, mama."

Aliupokea kwa kanga, akafunua kidogo upande wa vidole, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe mmeshamwosha," akasema, akaanza kulia kilio cha msiba.

Sijui kama nitaiweza kazi hii. Nilimwambia mzee yu hai, anaomba uji. Akazidi kulia, huku ameupakata.