Bichage na Anwani ya Rangwe

Jumatatu, 3 Machi 2025. Migori

Bichage amerudi kutoka Homa Bay na cheo kipya! Amewaonyesha wakubwa mfumo wa kuita ambulensi — mfumo wangu, miezi minane ya kuumiza macho yangu — akasema ni wake. Bosi Elkanah ameniambia nimpongeze. Nimempongeza. Atanijua.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia bosi ukweli. Akasema sisi ni timu moja, niache wivu. Wivu!

Jumatano, 5 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Bichage anasafisha mafaili yetu. Mipangilio ya seva zetu, zile kompyuta zinazoendesha mfumo, tunaiandika humo kama maandishi. Programu inatuonyesha kwanza plan, yaani kitakachobadilika, na mtu akiandika yes ndipo inatekeleza. Hapa ofisini hakuna kutekeleza peke yako. Mmoja anasoma plan kwa sauti, mwingine anasikiliza na kukubali.

Sasa bwana mkubwa amefuta output moja, anwani ambayo programu huitangaza mwishoni. Eti haina kazi. Hajui kwamba tableti za zahanati moja kule Rangwe huiokota hapo kila asubuhi zinapowashwa saa mbili, ndipo zijue pa kutuma wito wa ambulensi. Angejuaje? Mfumo hakuujenga yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Mchana huu Bichage amenisomea plan. Hakusoma — ameruka hadi chini, pale programu inaposema hakuna mtambo utakaoguswa. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja mwekundu wenye alama ya kutoa: anwani_rangwe, halafu null. Null ni hakuna kitu. Niliuona vizuri kabisa.

"Euca, hizo ni outputs tu. Hakuna kitu inaguswa. Si niendelee?"

Nikasema endelea. Akaandika yes. Nikatoka kununua mandazi, nikala matatu. Matamu!

Ijumaa, 7 Machi. Saa tatu asubuhi

Benta amepiga, yule muuguzi wa Rangwe. "Sister, nabonyeza hii kitu, haiendi. Niko na mama amejifungua, damu haikatiki." Nimemwambia atafute gari lolote. Hakuna gari, anasema. Bichage hashiki simu.

Mimi sikufikiria mama. Nilifikiria Bichage tu.

Nimerudisha mstari kwenye faili; ukitekelezwa, Benta atawasha tableti upya nayo itaiokota anwani. Omwenga wa meza ya pili amesikiliza plan, amekubali. Output moja ya kuongeza. Inangoja yes yangu, basi.

Lakini nikiiandika sasa kila kitu kitakuwa sawa kabla bosi hajaona. Bichage atasema ilikuwa hitilafu ndogo, abaki na cheo. Bosi ameshafika, anaegesha gari. Nataka aone Rangwe ikiwa tupu kwenye skrini, kwa macho yake mwenyewe. Dakika mbili! Naandika hapa ili vidole vikae mbali na kibodi.

Benta anapiga tena. Omwenga ananiuliza nangoja nini. Nimemwambia anyamaze. Dirishani namwona bosi — amesimama na mlinzi, wanasalimiana, wanacheka, hana haraka —