Nyasi kwa Ajili ya Muhumba

Jumatatu, 1 Septemba 1958

Nimerudi likizoni kutoka chuo kikuu, Léopoldville, na hasira imenipokea mlangoni! Baba yangu Barthélemy, mtunza bustani wa klabu ya Wazungu ya Muhumba kwa miaka kumi na mitano, ameitwa mvivu mbele ya vibarua wake. Kosa lake? Mbegu za Ubelgiji zimekufa — mara ya tatu. Nyasi zilizozoea ukungu wa Ulaya zinatupwa chini ya jua letu na mvua yetu ya joto, kisha anahukumiwa anayezimwagilia! Nilimwendea mkurugenzi wa klabu, Bwana Gérard, nikamweleza kwa Kifaransa kisicho na doa kwamba aliyekosea ni aliyechagua mbegu. Alicheka. Kwa kuwa nasomea kilimo, alisema, basi niandike ripoti ya nyasi zipi zinafaa. Tuliongea ua ukiwa kati yetu; ndani ya klabu sisi weusi haturuhusiwi ila na jembe mkononi.

Nitaandika!

Alhamisi, 4 Septemba

Nimechuja aina tatu za nyasi. Paspalum: huvumilia udongo mbovu, lakini hurefusha mashuke kila wiki. Kikuyu: zina pupa, zitameza maua na ngazi. Zile ndogo zinazotambaa, chiendent: hupenda jua, hustahimili kukanyagwa, hukatwa fupi zisife. Adui yao ni kivuli tu. Hizo! Ila hupandwa kwa vipande vya mashina, si mbegu.

Nilipanda hadi kijiji cha Nyantende kutafuta sampuli. Shangazi Nsimire, dada wa baba, mjane, ana mteremko mzima wa nyasi hizo. Ng'ombe wake wawili wamezila hadi zimesongamana kama mkeka. Alinikatia mwenyewe kwa mundu, huku akinitania: universite yote ile, kisha naomba chakula cha ng'ombe wake? "Basi kula, papa," alisema, jina lake la kunibembeleza. "Usibakishe."

Jumamosi, 13 Septemba

Ripoti imefika kurasa sita. Bwana Gérard amezisoma zote, akasema ni kazi nzuri — kwa mtu mweusi. Hata sifa zao ni kofi la uso! Ila leo baba alivuka ua kichwa juu, na hakuna aliyemwita mvivu.

Jumanne, 16 Septemba

Wezi! Kesho lori mbili za klabu na vibarua thelathini watakwenda Nyantende kung'oa nyasi za shangazi, zote, pamoja na udongo wake. Msimamizi: baba.

Nilikimbia hadi Muhumba. Nikamwambia Bwana Gérard kwamba marehemu mume wa shangazi alitoa dume la ng'ombe kwa chifu, kalinzi kamili, malipo ya kimila ya kupewa ardhi, mbele ya mashahidi. Mteremko ule una mwenyewe. Akauliza hati iko wapi. Bila hati ni ardhi wazi, alisema, na serikali imekwisha kukubali. Kisha akanifungulia ukurasa wa tano wa ripoti yangu. Juu ya mteremko wa Nyantende nimeandika kwa mkono wangu: "malisho ya asili, yasiyolimwa, yasiyo na matumizi maalumu." Maneno ya darasani! Niliyanakili bila kuyafikiri, kana kwamba wale ng'ombe wawili hula hewa. Na mimi ndiye ninayehutubia wenzangu chuoni juu ya ardhi ya mababu!

Baba hakupaza sauti. "Firmin, ulinitetea, aksanti. Sasa kesho niko naenda kuchimba malisho ya dada yangu."

Jumatano, 17 Septemba

Nyantende, asubuhi. Naandika juu ya jiwe. Lori zimefika. Shangazi amefunga ng'ombe katikati ya mteremko, naye ameketi kando yao, miguu ameinyoosha, haondoki. Vibarua wameegemea majembe. Baba hajatoa amri, hajakataa pia.

Karani wa klabu amempa shangazi karatasi ya kuthibitisha kwamba mahali hapa hapana mwenyewe. Shangazi hajui kusoma. Anawaambia vibarua wangoje: mutoto ya kaka yake iko msomi, atawaonyesha uongo uko mustari gani.

"Kuya, papa," ananiita niende. "Uisome kwa nguvu, bote basikie."

Ameiinua juu. Hata kutoka hapa mwandiko naujua. Ni ukurasa wa tano.

Ananiita tena.