Sifuri Tatu za Gendabi

Jumatatu, 6 Oktoba

Katesh. Gesti ileile, chumba kilekile, maji ya moto hakuna. Mama wa jikoni ameshanizoea, analeta chapati mbili bila kuuliza. Upepo umeanza saa tatu, vumbi mpaka kwenye kikombe.

Nimepokea bahasha za mtihani wa mchujo: Dongobesh, Dirma, Gendabi. Kazi ni ileile ya miaka miwili iliyopita. Mradi unawafundisha sayansi watoto wa wafugaji wa Kibarabaig kila Jumamosi, kwa sababu kwenye madarasa ya sayansi ya sekondari wako wachache mno. Wakimaliza darasa la saba wanapewa maswali arobaini. Wanaofaulu wanasomeshwa bure kwenye sekondari ya bweni yenye maabara, upande wa Mbulu. Mimi nasahihisha, natembelea, naandika wapi mradi uendelee na wapi ufungwe. Ripoti yangu ya kwanza mratibu anaisifu hadi leo. Anasema ilikuwa na meno.

Nimefurahi kusikia. Sikatai.

Jumanne, 7 Oktoba

Dongobesh, kwenda na kurudi. Mgongo hauna hali. Lakini nimefurahi. Binti mmoja aliniwashia taa kwa betri mbili kuukuu na waya wa redio mbovu, kisha akaniuliza kwa nini betri zinapata joto. Nilimjibu harakaharaka nikajua sijamjibu. Alama zao nzuri. Dirma nao si haba.

Nilifundisha fizikia miaka kumi na mmoja kabla ya kuingia kwenye mambo ya ripoti. Kuna siku nasahau kabisa.

Jumatano, 8 Oktoba

Bahasha ya Gendabi. Karatasi ya kwanza, Theresia: sifuri. Nikadhani nimeweka mwongozo wa majibu usio wake. Nikarudia. Sifuri. Ya pili sifuri. Ya tatu sifuri. Wasichana watatu, maswali arobaini yote yamejibiwa, hakuna aliyepata hata moja. Wenzao wa darasa hilohilo wana kumi na nne, kumi na tisa.

Nimekasirika. Jumamosi zote zile, vitabu vyote vile, mtu anatoka na yai. Nimeandika rasimu palepale: "Gendabi: wasichana hawajanufaika kabisa. Inapendekezwa kituo kifungwe." Nikampigia mratibu. Amefurahi, anatafuta kituo cha kupunguza. Orodha ya waliochaguliwa inafungwa Ijumaa ya tarehe 17.

Nikala wali maharage nikalala mchana. Usingizi mzuri tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika kabla ya chai.

Nilikuwa napiga mswaki. Ikanijia. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Mtoto asiyejua chochote, akafumba macho akachagua, atapata kama kumi. Mbuzi akipita juu ya karatasi na kwato zenye wino atapata kumi. Kutojua hakumpi mtu sifuri. Ili ukose yote arobaini, lazima ujue lililo sahihi kwenye kila swali, kisha ulikwepe.

Nimepiga hesabu mara tatu. Kwa kubahatisha tu, sifuri ni kama mtu mmoja katika laki moja. Hapa ni watatu, chumba kimoja, siku moja.

Wanajua yote. Swali la kwanza mpaka la arobaini, wanajua yote.

Na mimi, mwalimu wa fizikia, mtu wa hesabu, nimeandika hawajanufaika kabisa. Nikalala.

Chai imepoa mezani. Sijaigusa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Pikipiki mpaka Gendabi. Mwalimu Tluway ndiye anayefundisha zile Jumamosi, Mwiraqw wa hapahapa, ana shamba lake nyuma ya shule. Nilimwonyesha karatasi tatu na hesabu yangu. Akasema Theresia ndiye anayewafundisha wenzake yeye akichelewa. "Nilijua kuna kitu, Madam. Ila nisichokijua siwezi kukiandika." Ana akili kuliko mimi, na hakuna anayemlipa kutathmini.

Kwa nini mtoto ajifelishe? Jibu nimelipata kabla hata ya kushuka kwenye pikipiki: baba zao. Wanataka kuwaoza, wamewaambia wafeli. Nimeshasikia habari hizo mara ngapi. Hotuba ninayo tayari: sheria, haki za mtoto, serikali ya kijiji. Kesho naenda kwa baba yake Theresia. Naenda kugombana, nasema ukweli.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mzee Gidamara alinipokea vizuri. Shikamoo, marahaba, kigoda, maziwa. Nikamwaga hotuba yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza polepole kama ni kweli mwanawe amefeli. Hakuwa anajua. Alishawatangazia ndugu zake wote kwamba Theresia anakwenda Mbulu kusoma. Nilimwona akiangalia mikono yake. Nilikwenda kumuumbua mtu, nikaumbuka mimi.

Akamwita Theresia. Miaka kumi na nne, mrefu, macho chini. Shikamoo Madam, basi. Aliyesema ni dada yake, Anjelina, aliyekuwa pembeni akisafisha vibuyu vya maziwa. Akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na barua iliyokunjwa mara nne.

"Wewe ndiye Madam wa ripoti?"

Nikasema ni mimi. Sikujua nimekubali nini.

Anjelina alichaguliwa na mradi huuhuu. Alikwenda Mbulu. Kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza, akawa anameza maneno bila kuyaelewa. Kidato cha pili akaanza kuelewa. Muhula huohuo akarudishwa nyumbani, wastani uko chini. Hati ya uhamisho haikutoka, kwa hiyo sekondari ya kata ikamkataa. Yuko nyumbani tangu siku hiyo. Watu waliomsindikiza na nyimbo ndio waliomwona akishuka na sanduku.

Barua ya kumrudisha inataja sababu, imeichukua kwenye ripoti neno kwa neno: "Wanafunzi walio chini ya wastani waondolewe, nafasi zitumike kwa wenye uwezo."

Sentensi yangu. Nakumbuka nilivyoiandika, gesti hiihii. Nilijisifu kwa jinsi ilivyo fupi.

Hapo ndipo Theresia aliponyanyua macho. "Nikifeli hapa nimejifelisha mwenyewe. Kule wananifelisha wao, halafu wananirudisha." Nikauliza kwa nini sifuri, kwa nini wasikosee machache tu. Akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. Mwaka jana aliyepata tisa alichukuliwa kujaza nafasi. Wao wakakubaliana wasiache nafasi ya bahati. Mtihani wa taifa waliufanya sawasawa, kwa sababu ule unawapeleka sekondari ya kata, na kule mtu anarudi kwao kila jioni.

Nimerudi Katesh kwa pikipiki.

Jumapili, 12 Oktoba

Sikutoka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeusema mara nyingi, nikidhani nguruwe ni mwingine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefuta rasimu. Nimeandika upya kurasa sita. Ukurasa wa pili ni juu ya ile sentensi na aliyeiandika. Jina langu, bila kuzunguka.

Mratibu amepiga simu baada ya saa moja. Anataka ukurasa wa pili utoke, wafadhili hawatauelewa. Nimekataa. Kuhusu Theresia anasema sifuri haiwezi kuingia kwenye orodha hata nikiiombea dua. Arudie mtihani kabla ya Ijumaa. Nikasema basi na yeye aandike barua: mtoto hatarudishwa nyumbani kwa sababu ya wastani kabla ya kumaliza kidato cha nne. Akasema litaangaliwa. Nalijua hilo neno. Nimelitumia sana.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikukuu. Ofisi zimefungwa. Nimekwenda Gendabi kuwaeleza. Theresia amekubali kurudia. Wawili wamekataa, na sikuwabembeleza.

Jumatano, 15 Oktoba

Nilipeleka Gendabi mtihani wa mwaka jana. Mwalimu Tluway alisimamia, mimi nilikaa nje kwenye ngazi kama mzazi. Dakika thelathini na tano akawa amemaliza. Nikasahihisha palepale na mwongozo mkononi. Tiki, tiki, tiki, kosa moja, tiki mpaka mwisho. Thelathini na tisa.

Nililia mbele ya watu. Mwalimu Tluway akajifanya anafunga dirisha.

Theresia hakucheka wala hakulia. Alitoa sharti moja tu. Barua kwanza. Bila barua karatasi hii isiende popote, irudi kwake. Nikamwahidi. Baba yake alikuwapo, akasikia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mbulu, kwenye ile shule ya bweni, kufuata hati ya uhamisho ya Anjelina. Wamesema faili halionekani, nirudi mwezi ujao. Nimewaambia nitarudi mwezi ujao. Nadhani hawajaniamini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Saa nne, mratibu: tuma picha ya karatasi, tunamwingiza. Barua? Barua itafuata. Saa sita, tena. Saa nane akapandisha sauti, kwamba namnyima mtoto maisha kwa ajili ya karatasi ya ahadi.

Picha nilikuwa nayo kwenye simu. Kidole kilikuwa juu yake. Mungu anisamehe, nilitaka sana kuituma. Maabara ile nimeiona kwa macho yangu jana. Meza ndefu, mabomba yanatoa maji, darubini tano. Mtoto yule angefanya nini mle ndani. Nikajiambia nijaribu bahati, barua nitaipigania baadaye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Anjelina. Kila mtu alikuwa na la baadaye.

Sikutuma. Saa kumi orodha ikafungwa. Jina la Theresia halimo. Sijui kama nimefanya jema au nimemkomoa mara ya pili, na hakuna wa kunisahihishia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeirudisha karatasi. Mzee hakuwepo, yuko mnadani. Theresia nilimkuta na ndama. Nikamwambia barua haikuja, sikutuma. Akaitikia tu. Januari anaanza sekondari ya kata, matokeo yakitoka vizuri. Nikamwomba msamaha. Akasema asante Madam, kwa sauti ambayo sikuielewa, na sitajifanya nimeielewa.

Akaikagua karatasi yake kuanzia juu. Akasimama kwenye lile kosa moja. Swali: juu ya mlima, maji huchemka kwa nyuzi joto ngapi? Mwongozo unasema mia. Yeye alichagua chini ya mia.

Akauliza amekosea wapi. Kwa shangazi yake, kule juu kwenye mteremko wa mlima Hanang, maharage yanachelewa kuiva kuliko hapa, chungu kilekile, moto mwingi, maji yanatokota kabisa. Kwa hiyo yanatokota kabla hayajapata moto wa kutosha. Ndivyo alivyofikiri.

Nimesimama pale na vumbi langu. Ni kweli. Juu hewa ni nyepesi, maji huchemka chini ya mia. Nimelifundisha hilo miaka kumi na mmoja, na Jumatano nikamwekea kosa kwa sababu mwongozo ulisema. Sikulisoma swali.

Nikamwomba kalamu, yangu nilisahau gesti. Nikakata ile thelathini na tisa, nikaandika arobaini, nikaweka sahihi. Akaikunja mara moja, akaiweka ndani ya daftari, akaendelea kunywesha ndama.