Hadithi za Kinu Kimoja

Wifi yangu Maua,

Umelala hapa nyuma ya ghala la boma, nami nimekaa ubavuni pako. Naandika kwa mkaa juu ya karatasi iliyofungiwa sabuni ya askari, kwa zile herufi za misheni ulizokuwa ukizicheka, ukisema ni nyayo za kuku. Cheka tu. Leo kuku wako amepata kazi.

Tangu ulipotutoka hakuna kilichobadilika humu. Ua ni ule ule wa magogo, vinu ni vile vile, na mpunga wa kuwatwangia askari hauishi. Tena mpunga wenyewe ni wetu, walioubeba kutoka kijijini kwetu Michenga kabla ya kuchoma nyumba. Sisi tunachekecha pumba tukitafuta chenga za kula. Wametufanya chambo, wake na dada, ili wanaume wetu waache vita watoke porini. Nina hasira, wifi, nakwambia wazi.

Chausiku, mwanao, yu hai. Amekonda, lakini yupo. Nimemlisha hadithi, maana kingine sina. Zako ndefu hazifai humu. Tunatwanga wawili wawili, na mchele ukishakuwa mweupe tu askari anakutenganisha na mwenzako. Kwa hiyo nimejifunza kuchagua zinazoanza na kuisha kinu kimoja. Ngoja nikupendekezee, huenda huko uliko nako mnatwanga. Ile ya kambale aliyekwenda kuposa nchi kavu, mafuriko yakapungua yeye bado anabishana na wakwe, hiyo inatosha kinu kizima bila kubaki chenga. Ya kenge aliyeazima meno ya mamba inamfaa mtoto mwenye njaa, kwa sababu ndani yake hakuna anayekula chochote. Ya mwanamke asiyejua kufunga mdomo naitoa nikikukumbuka wewe, na wenzetu hucheka mpaka askari anagonga ua kwa kitako cha bunduki. Ila ile ya fisi na karamu ya wali usimsimulie mtoto. Nilijaribu. Alilia, nami nikalia.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike mkaa. Juzi kaka yangu, mumeo, alitoka porini akaweka mkuki chini pale Kivukoni. Wamemtia mnyororo, anachimba barabara. Alipopitishwa karibu na ua aliniuliza kwa macho uko wapi, nikamwonyesha ardhi. Akaketi pale pale njiani, wakamwinua. Kwa kuwa amejisalimisha, kesho asubuhi lango litafunguliwa, tutoke mimi na mwanao. Na mwanao amekataa kutoka.

Kosa ni lako. Unajua kwetu hadithi humalizwa pale ilipoanzia. Ukiondoka ikiwa nusu, itakurudisha. Kule juu kwenye dungu la kulindia mpunga tulikuwa tunakaa mpaka ndege tuliokuwa tukiwafukuza wamekwenda kulala, kwa ajili tu ya kukungoja umalize. Halafu wewe, wifi, na akili zako timamu, ukaianza ile ya binti aliyefuata mto humu ndani ya boma! Ukamwingiza binti katika nyumba ya mamba, ukafunga mlango, kisha homa ikakuchukua. Wanawake wananong'ona kwamba ndiyo inayotuzuia. Chausiku naye ameniambia, "Shangazi, nikitoka itanirudisha. Bora nibaki na mama."

Akibaki atakufa, na kesho lango halitanisubiri nimbembeleze. Leo kutwa nimetunga miisho. Nikamtoa binti dirishani. "Mama hakusema kuna dirisha." Nikamlewesha mamba pombe. "Mamba hanywi." Nikamleta ndugu mwenye shoka, mtoto hata hakuniangalia. Nilikuchukia, Maua. Nilikuchukia kwa kufa katikati.

Jua likiwa linashuka, kwenye kinu cha mwisho, alinipokonya mchi akaanza kutwanga mwenyewe. Akasema, taratibu, kwamba yule binti hakuwa peke yake ndani. Alikuwa na mama yake. Mama akamwambia mamba, kaa nikusimulie hadithi. Ilikuwa ndefu, ilikuwa tamu, mamba akasahau mlango. Binti akatoka. Lakini mama hawezi kunyamaza, maana akimaliza tu, mamba atakumbuka. Kwa hiyo bado anasimulia mpaka sasa.

Nikamuuliza, "Basi haijaisha?"

"Ya mama haijaisha," akasema. "Yangu imeisha." Akamimina mchele kwenye ungo, akaanza kupepeta.

Mimi nilishindwa kupepeta. Nilikuja huku kwako.

Karatasi hii nitaifukia kichwani pako, maana kesho hawataturuhusu kusimama. Mwanao namchukua. Nitamlea kama nilivyokutania, kwa mdomo mwingi na mkono mwepesi. Mvua zikija atakaa kwenye dungu lako Michenga, awafukuze ndege, nami nitamsimulia fupi fupi. Ndefu zote nakuachia wewe. Ile ya binti na mto sitaigusa, nakuahidi, hata aniombe akiwa mtu mzima na watoto wake.

Kwaheri, wifi yangu, mwenye maneno. Zamani nilikuwa nakuomba unyamaze tukalale. Kesho, tukipita langoni, nakuomba usinyamaze.

Wifi yako,
Benadeta