Kantuta za Uwanja wa Mtaa

Jumapili, 17 Julai
Binti yangu Maritza kapewa bustani ya uwanja! Aoteshe maua yanayostahimili baridi ya hapa El Alto. Yakiwa hai sikukuu ya taifa, tarehe sita Agosti, mwenyekiti wa mtaa Don Hilarión atampa na bustani za barabara kuu yote. Yakifa, kazi anapewa mwingine. Mimi niliishia darasa la tano. Yeye ana shahada ya kilimo, iko ukutani, leo nimeifuta vumbi mara mbili.

Jumatano, 20 Julai
Kachagua kantuta, kichaka cha milimani kwetu, maua kama vikengele vyekundu. Kapanda kumi na mbili. Jirani Eusebia, mwenye mawaridi ya bondeni mlangoni, akacheka: "Mama Maritza, mwanao kasoma miaka mitano aje apande kichaka cha bibi yangu?" Nikamjibu, mwenzio kapima udongo, wewe umepima nini, ulimi?

Jumanne, 26 Julai
Barafu alfajiri. Ndoo imeganda. Mawaridi ya Eusebia — matambara meusi. Kantuta zetu wima! Nimepita mlangoni kwake mara tatu. Sina shida, napita tu.

Jumatatu, 1 Agosti
Agosti imeingia, Mama Ardhi kafungua kinywa, lazima anywe. Ndiyo mila yetu, watu humwagia tone la pombe. Tone! Kwa ardhi iliyomtunzia mwanangu kazi? Maritza alikuwa mjini La Paz. Kila shina nimelimiminia pombe kali, chupa tatu, kwa moyo wote.

Alhamisi, 4 Agosti
Zimenyauka zote. Maritza kapiga magoti, kanusa udongo. "Mama, mbona pananuka kilabu?" Nikasema labda walevi wa sokoni. Mungu nisamehe.
Eusebia kaja na ndoo za maji, hakuitwa. Tumemwagilia mpaka viuno vikauma. Kaninong'oneza: alinichungulia dirishani siku ile. Na hakucheka, huyu mwanamke!

Jumamosi, 6 Agosti
Uwanjani, kwenye benchi. Bendi imenyamaza. Kantuta tano zimeinua vichwa, moja ina ua. Saba bado zimelala.
Don Hilarión kauliza mbele ya watu wote: Maritza kakosea kuchagua? Mwanangu kajibu: "Barafu haikuziweza. Kuna mtu kazimwagia pombe."
"Nani?"
Watu wanatazamana. Maritza hatazami huku. Eusebia ananipiga kiwiko: "Inuka useme, Mama Maritza, au niinuke mimi?"
Ngoja nifunge daftari, niweke kofia sawa. Nikisimama kusema ni mimi, nisimame kama mama wa mtaalamu —